Bata Asingwa Ghorofani

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama wenye njaa? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao. Wakubwa walikaa ghorofani, wanyonge walikaa chini matopeni. Bi Mwanatumu, Bata, alikaa matopeni, na jambo hilo lilimchoma mno. Alitamani apande, aitwe Bibi, asalimiwe kwa adabu.

Siku moja Bwana Ngawa, tajiri wa ghorofani, akachungulia dirishani akaimba:

"Panda, Bata, panda juu,
chini kuna tope tu!"

"Mimi?" akauliza Bata. "Umenipendea nini, bwana?"

"Heshima zako, bibi. Ila huku hawapandi hivi hivi. Lazima usingwe, usuguliwe na kupakwa manukato kama bibi harusi."

Moyo ukamuuliza Bata, kwa nini wewe? Akaunyamazisha, akapanda. Orofa ya kwanza akasuguliwa kwa ndimu na chumvi.

"Mbona inawasha?"

"Ukubwa huwasha mwanzoni," akasema Ngawa.

Nyinyi mngekubali?

"Hatukubali!"

Yeye alikubali.

"Panda, Bata, panda juu,
chini kuna tope tu!"

Orofa ya pili akapakwa bizari na tangawizi, akawa manjano mwili mzima. Akakiinamia kinu kilichotwangiwa bizari hiyo, akanong'ona, "Ewe kinu, jirani yangu Bi Kanga, yule wa madoadoa, alipanda kabla yangu. Mbona hajashuka hata kutusalimia?"

"Wanaopanda hapa hawashuki," kikajibu kinu.

Jibu hilo halikumkaa vizuri Bata. Lakini tayari wa chini walikuwa wakimtazama, akaona haya kurudi.

"Panda, Bata, panda juu,
chini kuna tope tu!"

Orofa ya tatu Ngawa akaleta bakuli. Bata akanusa. Akanusa tena. Alikwishaona maharusi wengi wakisingwa, kwa liwa, kwa asmini, kwa waridi. Bibi harusi gani hupakwa kitunguu thaumu?

"Na kiti changu kiko wapi, bwana?"

"Kile pale. Kina joto zuri."

Bata akatazama. Kilikuwa chungu kipana, juu ya mafiga. Kando yake kulikuwa na unyoya wenye madoadoa.

"Kimbia, Bata!"

Ngojeni, mlango umefungwa! Bata akasema kwa sauti ya madaha, "Bwana, nifungulie dirisha, wale wa matopeni waone ulivyonipandisha."

Ngawa alipenda sifa kupita kiasi. Akafungua. Bata akaruka, puu! Matope aliyoyachukia miaka yote yakampokea. Akagaagaa humo akilia kwa furaha.

Kesho yake akamwona Jogoo akipanda ngazi, kifua mbele.

"Rudi!" akapiga kelele Bata. "Ile si singo, ni viungo vya mchuzi!"

Jogoo akamtazama alivyojaa matope. "Wivu huo. Wewe wamekufukuza."

Akapanda. Hajashuka mpaka leo.

Basi wanangu, kupanda si vibaya. Lakini anayekuita juu kwa wimbo mtamu, mwulize kwanza waliokutangulia wako wapi. Akishajibu, nusa.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya ngazi. Anayetaka kupanda apande. Mimi nabaki nanyi hapa kando ya moto.