Dhiraa ya Mzee Masunga

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma, mbona sauti za vifaranga? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale yenyewe, kulikuwa na kijiji kilichopenda ngoma kuliko ugali. Hata kupalilia walipalilia kwa ngoma. Tindi! Tindi! Majembe juu, viuno vinazunguka. Ndiyo maana mistari ya soya waliipanda mbali mbali, mchezaji apate pa kujinyonganyonga. Soya huku, soya kule, katikati uwanja. Mvua ikinyesha, nani anaujaza uwanja? Magugu! Wapalizi wanaitwa tena, pombe inapikwa tena. Wanacheza, wanakunywa, magugu yanaota. Wanacheza, wanakunywa, magugu yanaota. Werevu hao!

Humo aliishi Kalunde, mjane mwenye watoto. Mwaka huo mtama wake ulikuwa wa kufikia mavuno tu. Akiupika pombe ya wapalizi, watoto watalala njaa. Asipoupika, magugu yatameza soya. Akamwendea Mzee Masunga. Goti lilimkatalia mzee huyo ngoma tangu zamani, basi akawa anatazama mashamba wenzake wakitazama viuno.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtama upo?"

"Wa uji wa watoto tu."

"Basi wenye viuno usiwapikie. Nyoosha mkono." Akampima toka kiwikoni hadi ncha ya kidole. "Dhiraa hii. Mstari hadi mstari, usizidishe. Soya ikiwa changa, palilia mapema, mwenyewe. Halafu iachie kazi."

Kalunde akapanda hivyo. Jilala, mpiga ngoma mkuu, akapita akicheka, mbavu kazishika.

"Shemeji, hili shamba au chanuo? Hapo atacheza nani, sisimizi?"

"Sisimizi hadai pombe, shemeji."

Kalunde akapalilia mapema, chwa! chwa! Mvua ikashuka, shaaa! Magugu mapya yakachungulia. Kalunde akayaona. Akapakua mtama wote, huyo, mbio kwenda kuuloweka, apike pombe ya wapalizi. Mzee Masunga akamkuta njiani.

"Unaupeleka wapi uji wa watoto?"

"Babu, yameota!"

"Yameota, yatakula nini? Twende."

Shambani mzee akainama kwa tabu, akafunua majani. Mistari ilikuwa imekaribiana vichwa kama wambeya kisimani. Chini yake kivuli. Kivulini magugu yamepauka, membamba kama uzi.

"Gugu hula jua, mjukuu wangu. Soya imeshafunga mlango. Na ushike udongo."

Kalunde akaushika. Mbichi! Kwa jirani, pale uwanjani, umeshakauka kama kigae. Akaurudisha mtama ghalani, punje hata moja isipotee.

Jilala akaja na kundi lake, tindi, tindi, tin... Hakuna pa kuweka mguu.

"Sasa sisi tutacheza wapi?"

"Kwenu, shemeji. Wake zenu wamewakumbuka."

Mavuno yakafika. Wenzake walivuna kidogo, na mtama walikuwa wameshaunywa. Watoto wa Kalunde walikokota magunia ya soya wakiwa na uji tumboni.

Msimu uliofuata, nani huyo mlangoni kwa Mzee Masunga? Jilala, ngoma kaiacha nyumbani.

"Babu, mkono wangu mimi mrefu mno. Nitapimaje?"

"Pima kwa wa mkeo. Si ndiye anayelima?"

Sikieni basi, na wewe unayesinzia: ukimwachia adui nafasi, utalisha watu kila siku wamfukuze. Mpango wa mapema hushinda jasho la baadaye.

Ngano yangu imefika mwisho wa shamba. Anayeona fupi, ashike jembe aiendeleze.