Picha Aliyoitaka Mama

Katika milima ya Taita aliishi mchoraji aitwaye Mghoi. Watu walitoka mbali kununua picha zake. Alikaa na mama yake mzee, Wakesho, aliyekuwa akiugua presha ya macho. Siku moja daktari akawaambia wazi: macho yale yatazimika karibuni, na dawa hakuna.

Waliporudi nyumbani, mama akasema, "Mwanangu, nichoree picha moja kabla giza halijanifika."

"Picha ya nini, Mama?"

"Yoyote. Wewe chora tu."

Neno hilo "yoyote" likamnyima Mghoi raha. Picha ya mwisho kuonwa na mama yake, iwe yoyote? Kulipokucha akapanda kilele cha Vuria kutazama mawingu yakifunika mabonde. Akaona hayatoshi. Akateremka mbugani, akawakuta tembo wamejipaka udongo mwekundu. Akaanza kuchora, akachana karatasi. Akaenda mjini kwenye maonyesho ya wapiga picha, akapita ukuta hadi ukuta, akatoka na wivu badala ya wazo. Usingizi ukampaa. Chakula alikula amesimama.

Kila aliporudi alimkuta mama barazani.

"Umepata?"

"Bado, Mama. Kesho naenda kwenye maporomoko."

Jioni moja alimwekea mama kikombe cha chai. Mkono wa mama ukapapasa meza, ukakikosa. Mghoi akaangua kilio.

"Nisamehe, Mama. Nimezunguka kote, sijaona kitu kinachokustahili."

"Kitu gani, mwanangu? Milima hii nimeitazama tangu utotoni. Mimi najua ukichora unakaa kitako hapa barazani, kutwa nzima. Nilitaka nikutazame wewe. Sasa umekuwa mtu wa kuja na kuondoka, naona mgongo tu."

Kesho yake Mghoi hakwenda popote. Alisogeza kiti karibu kabisa na cha mama, uso kwa uso, akaanza kuchora kilichokuwa mbele yake: mama anayemtazama. Mama naye alimkodolea macho, akimgusa nyusi, akimgusa kidevu, akicheka. "Kumbe pua hii ni ya babako!"

Giza lilifika kabla picha haijakamilika. Majirani walipomuuliza mama kama hasikitiki kutoiona, alijibu, "Nilichotaka kukiona, nilikiona."

Funzo: Anayekuomba kitu kizuri cha kutazama, huenda anakutaka wewe. Kabla hujahangaika kutafuta uzuri mbali, kaa kwanza mbele ya anayekupenda.