Sweta la Skolastika

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana mwishoni sitamwachia mtu njia ya kukwepa. Nataka hukumu zenu.

Walikuwako watu wanne. Yusta alikuwa na macho: hakuna kilichobadilika ndani ya nyumba asikione. Enea alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukujua kuogopa koti jeupe. Mwanaidi, daktari aliyepangiwa kazi mlimani akitokea Pangani, kwenye joto la pwani, alikuwa na subira. Wa nne, Skolastika, alikuwa na mikono. Kule kwenye nyanda za juu, ambako mwezi wa Julai maji yaliyoachwa nje kwenye ndoo huamka yameganda, watoto wa shule walivaa masweta aliyoyafuma yeye.

Zamani, akiwa bado mama kijana, tezi yake ya shingoni ililegea, ikaacha kufanya kazi sawasawa. Akanenepa bila kula, akawa anasinzia na sindano za kufumia mkononi, baridi ikamwingia hadi kwenye mifupa. Zahanati wakamwanzishia vidonge, ameze kila asubuhi kabla ya chai, maisha yake yote. Vikamfufua. Hilo tuliseme wazi, asije mtu akatoka hapa akiitukana dawa.

Lakini mwili haukai palepale. Skolastika alizeeka, akapungua, na dozi ikabaki ileile. Moyo ukaanza kumwenda mbio akiwa amekaa tu. Usingizi ukapotea. Vidole vikatetemeka, nyuzi zikamponyoka, na wazazi wakaanza kununua masweta ya mtumba. Akasema. Alisema mapema kuliko mtu yeyote: "Nesi, naona dawa hii imenizidi."

Akajibiwa, wala hakutazamwa usoni: "Mama, wewe umesomea udaktari? Endelea na dawa."

Akarudi baadaye, akasema tena. "Ni uzee huo, mama. Endelea na dawa."

Damu yake haikupimwa hata tone. Jamani! Mtu anakwambia kiatu kinambana, wewe unamjibu kuwa mguu umezeeka? Skolastika akanyamaza, lakini hasira ikamkaa kifuani pamoja na ule moyo unaokimbia.

Ikafika Julai moja yenye ukungu mzito. Familia nzima ilikuwa jikoni inaota moto. Yusta, mke wa mwanawe, akainua macho, akaona mama mkwe hayupo. Alimkuta uani, kavaa blauzi ya mikono mifupi, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mama! Kwenye baridi hii?"

"Nawaka moto, mwanangu."

Yusta akamshika mkono. Umelowa jasho, unatetemeka. Majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona habari za uchawi, lakini yeye hakunong'ona na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Enea, mdogo wake Skolastika. "Mjomba, dada yako anaumwa, nasi tumekaa tunaota moto."

Enea akampandisha dada yake kwenye lori la viazi, wakaenda hospitali. Pale mapokezi wakaambiwa yaleyale: dawa anazo, arudi nyumbani. Enea akaketi sakafuni, katikati ya mlango.

"Mzee, unazuia njia."

"Ndiyo, nazuia! Sitoki hapa mpaka damu ya dada yangu ipimwe. Mkitaka, nirukeni."

Wakamtisha kwa mlinzi. Akasogea, lakini kwa kujinyoosha vizuri zaidi mlangoni. Makelele yakamtoa Daktari Mwanaidi chumbani, amevaa koti juu ya koti na meno bado yanagongana. Akamshika Skolastika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Shikamoo, mama. Moyo unakwenda mbio tangu lini?"

Skolastika alitaka kulia. Miaka yote hiyo, huyu ndiye wa kwanza kumuuliza.

Damu ikapimwa. Dawa ilikuwa imezidi, tena sana, na moyo ulikuwa umeshaanza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Enea akataka vidonge vyote vitupwe chooni siku hiyohiyo. Mwanaidi akakataa katakata. "Ile tezi bado imelala, mzee wangu. Akiacha dawa kabisa, atarudi kulekule alikotoka. Tunapunguza kidogo, tunasubiri wiki kadhaa, tunapima tena." Na ndivyo alivyofanya, bila kuchoka na bila kuharakishwa na kelele za Enea, mpaka dozi ikakaa sawa.

Lakini machungu ya kupunguziwa dawa yalimpata nani? Skolastika. Kila dozi iliposhuka, mwili ulilegea, macho yakawa mazito, na mkono ukatamani kuongeza japo kipande. Hakuongeza. Alisubiri damu ipimwe.

Moyo ukatulia. Vidole navyo vikatulia. Aliapa kwamba sweta la kwanza hatalipeleka sokoni, atamvisha mtu aliyemwinua. Akafuma moja, la mtu mzima, zito, rangi ya udongo mwekundu. Siku lilipokamilika akawaita wote watatu jikoni kwake.

Ilianza kama utani. "Nisingemwona uani, tungekuwa tumemzika," akasema Yusta.

"Ulimwona, halafu ukakimbilia kwa nani?" Enea akadakia. "Nani alilala mlangoni?"

"Na dawa zingeishia chooni, mzee," akasema Mwanaidi, amejikunyata karibu na moto. "Leo msingekuwa na mtu wa kubishania."

Utani ukageuka ugomvi. Wakabishana mbele yake juu ya mwili wake, kana kwamba ni shamba walilolima wao. Skolastika aliwapenda, lakini hasira ya miaka ile yote ikampanda.

"Nyamazeni! Yusta, uliniona. Enea, ulinisemea. Daktari, ulinipima. Asanteni sana. Lakini mimi nilisema! Nilisema peke yangu, nikaitwa mzee. Kuna aliyejua kabla yangu?"

Upepo ukapita chini ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu zamani Skolastika akasikia baridi, baridi ya kawaida ya watu wote. Vinyweleo vikamsimama mikononi. Akalitazama sweta lililokuwa magotini pake, na mkono wake ukabaki juu yake.

Mimi naishia hapo. Sweta ni moja, na asiniambie mtu ligawanywe. Haya, wewe uliyeinamisha uso muda wote kama yule nesi, inua uso umtazame mama huyu, kisha utwambie: ungemvisha nani?