Kalunde na Nyama ya Kuro

Ngano!
— Na ije!
Ije mikono mitupu?
— Ije na mnofu!
Mnofu mbichi?
— Ulioiva!

Basi sogeeni. Mwenye njaa akae mbele, aliyeshiba akae nyuma, maana ngano hii ni ya nyama, na aliyeshiba husinzia.

Hapo kale, kale aliyosimuliwa bibi wa bibi yangu, palikuwa na nchi iitwayo Isangala. Nchi ya miombo na mbuga, na mto mmoja katikati. Watu wake walilima mtama na karanga, lakini sifa yao ilikuwa uwindaji. Mtu wa Isangala akisikia tawi limevunjika, alikutajia mnyama aliyelivunja.

Nchi hiyo ilikuwa na mtemi, jina lake Igulu. Mtemi Igulu hakuwa mkatili. Hakupiga watu, hakuchoma nyumba. Alipenda nyama tu, na alipenda kuizungumza kama wengine wapendavyo kuzungumza wake zao.

"Nungunungu," alikuwa akisema, "mafuta yake yako chini ya ngozi. Mbanike taratibu, yatakupasukia mdomoni. Ngiri ni mweupe, mlaini, ana utamu wa mizizi anayoifukua. Kongoni hana mafuta, ni mkavu, lakini mpe karanga zilizopondwa, utalamba chungu. Nyati ni mkaidi, mpishi huchoka kabla yake, lakini mchuzi wake humwinua mgonjwa kitandani. Na pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe..."

Hapo alifumba macho.

"Pofu hahitaji meno."

Wewe unayemeza mate, vumilia. Bado hatujapakua.

Siku moja Mtemi Igulu aliwaita watu barazani akawaambia, "Ninyi mkila, mnashiba tu. Mimi nikila, najua. Je, ni haki anayeshiba tu ale cha anayejua?"

Watu wakatazamana. Na watu wakikosa jibu, mtawala hupata sheria.

Sheria ikawa hii: nyama tamu ni ya mwenye ulimi. Pofu akiuawa, apelekwe kwa mtemi. Kongoni akiuawa, apelekwe kwa mtemi. Ngiri, nungunungu, nyati, wote kwa mtemi. Wawindaji wabaki na vichwa, kwato na matumbo. Atakayekula nyama ya mtemi ataondoka Isangala na nguo alizovaa, basi.

Mnyama mmoja tu aliachwa nje ya sheria. Kuro.

Mnamjua kuro? Yule mwenye manyoya marefu na weupe matakoni, dume lake lina pembe ndefu zilizopinda kuelekea mbele. Nyama ya kuro ilikuwa inanuka kama beberu aliyenyeshewa. Ukiipika, jirani anahama. Ukiitupa, mbwa anainusa, anapiga chafya, anaenda zake. Kwa hiyo kuro walikuwa wakilala pembezoni mwa mashamba kama mbuzi, wakitazama watu wakipalilia. Nani angewataka?

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo mjane aitwaye Kalunde. Mumewe aliuawa na nyati. Kalunde alikuwa na watoto wawili na kazi moja: kuchuna. Wawindaji wakirudi, yeye ndiye aliyechuna ngozi, na ujira wake ulikuwa kichwa au miguu. Ndugu wa marehemu mumewe, Kapaya, alikuwa kiongozi wa wawindaji, na alimwangalia shemeji yake huyo kadiri alivyoweza.

Ukaja mwaka wa ndege. Kwelea walishuka kwenye mtama, wakaula siku ya kwanza, wakaula siku ya pili, siku ya tatu wakaacha mabua. Njaa ikaingia Isangala. Watu wakaanza kuchemsha ngozi za zamani.

Mwaka huo, asubuhi moja yenye ukungu, Kapaya alirusha mkuki kwenye majani marefu akidhani ni kongoni. Kufika, akakuta kuro.

"Nimepoteza mkuki bure," akasema. "Tumwache fisi apate kazi."

Kalunde alikuwa amefuata nyuma na kisu chake. "Niachie mimi, shemeji."

"Umfanyie nini? Hata mbwa hamli."

"Niachie."

Kalunde alikuwa amechuna miaka kumi, na mchunaji huona asichokiona mlaji. Alikuwa ameona kwamba harufu ya kuro haikai kwenye nyama. Inakaa kwenye manyoya, kwenye mafuta yanayoyapaka. Mkono unaoshika manyoya, ukishika nyama, nyama imekwisha. Basi akamchuna yule kuro hivi: mkono wa kushoto ukashika ngozi tu, haukugusa nyama hata mara moja. Mkono wa kulia ukashika kisu na nyama, haukugusa ngozi hata mara moja. Nyama akailaza juu ya majani mabichi, si juu ya ngozi kama ilivyokuwa desturi. Akaosha kisu kwa majivu. Akarudi nyumbani, akapika.

Watoto wakala. Wakaomba tena.

Kapaya akaonja akiwa amesimama, tayari kutema. Hakutema. Alikaa chini.

Kalunde hakuificha siri hiyo kwa jirani. Alimfundisha wa kulia, akamfundisha wa kushoto, nao wakafundisha wao. Taratibu mashavu ya watoto wa Isangala yakarudi. Na mtemi hakujua, kwa sababu hakuuliza. Mwenye pofu chunguni haulizi kuna nini kwa jirani.

Mpaka adhuhuri moja. Mtemi Igulu alikuwa akipita kukagua mashamba, akakutana na harufu. Akasimama. Akageuka. Akaifuata harufu mpaka kwenye ua wa Kalunde, akamkuta anakoroga chungu.

"Hodi, mama. Unapika nini?"

Kalunde akapiga magoti. Angeweza kusema uongo, lakini harufu ilikuwa imeshasema. "Kuro, Mtemi."

Mtemi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaketi, akaomba kijiko. Akaonja. Akaonja tena. Akamaliza chungu chote, watoto wa Kalunde wakimtazama. Alipoinua uso, hakuwa akicheka.

"Hiki ni kidari cha pofu," akasema.

"Ni kuro, Mtemi wangu."

"Mafuta yameyeyuka kabla sijatafuna. Ni pofu."

"Ni kuro, Mtemi."

"Ulimi wangu haujakosea tangu nizaliwe. Umekula nyama yangu, mama, na sheria unaijua. Nakupa siku tatu. Siku ya nne nisikuone Isangala."

Akaondoka. Hakupiga kelele. Mtu anayejiona ana haki hapigi kelele.

Jioni ile Kapaya alikuja, akakaa juu ya kinu. "Shemeji, kamwonyeshe. Mchune kuro mbele yake, aonje, akubali."

"Akikubali, atasema nini?"

Kapaya akafikiri. Uso wake ukabadilika. "Atasema kuro ni mtamu. Na nyama tamu..."

"Ni ya mwenye ulimi. Nikishindwa, nafukuzwa mimi na watoto. Nikishinda, mmebaki na kwato, nyote. Watoto wa jirani watarudi kwenye ngozi za kuchemsha."

"Sasa?"

"Sasa niache nifikiri."

Akafikiri siku ya kwanza. Akafikiri siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi akaenda barazani, watu wamejaa, akapiga magoti.

"Mtemi, mimi ni mchunaji tu. Naomba kuuliza. Nyama tamu tunakuletea kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya ulimi wangu."

"Na mimi nafukuzwa kwa ushahidi wa nani?"

"Wa ulimi wangu."

"Basi naomba watu wauone ukifanya kazi. Nitapika vyungu vitatu, Mtemi ututajie kila chungu kina mnyama gani. Ukitaja sawasawa, nitaondoka kabla jua halijatua, na hakuna atakayesema nilionewa."

Mtemi akatabasamu. Mpishi hulipenda jiko, msemaji huipenda baraza, na Mtemi Igulu alipenda kuonja mbele ya watu. "Na nikikosea?"

"Hilo si la mimi kulisema."

"Nikikosea," mtemi akasema kwa sauti ili hata walio nje wasikie, "kila mwindaji na ale anachokiua, kuanzia siku hiyo!"

Mmelisikia hilo?
— Tumelisikia!
Hata wao walilisikia.

Kalunde akaomba shahidi. Akaomba dada mkubwa wa mtemi, Bibi Mwashi, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwita mwongo, hata maadui zake. Bibi Mwashi akafuatana na Kapaya na Kalunde porini, akaona mkuki ukitoka, akaona mkono wa kushoto na mkono wa kulia, akakaa kando ya moto usiku kucha mpaka vyungu vikafunikwa.

Siku iliyofuata, vyungu vitatu vikawekwa barazani. Watu wakabanana. Mbwa nao walikuja.

Mtemi akafunua chungu cha kwanza. Nyama yenye mafuta, imepikwa kwa chumvi tu. Akaonja, akafumba macho.

"Pofu," akasema. "Kidari. Alikuwa akila majani mabichi ya miombo, mvua ilikuwa imeanza."

Watu wakapumua: "Aaa."

Akafunua cha pili. Nyama iliyokaushwa kwa moshi, imepikwa kwa karanga zilizopondwa. Akatafuna polepole.

"Kongoni. Paja. Mkavu, lakini karanga zimempa adabu."

"Aaa."

Akafunua cha tatu. Shingo, imechemka tangu usiku, mchuzi mzito kama uji. Akanywa mchuzi kwanza, kisha akavuta mnofu kwenye mfupa.

"Nyati," akasema. "Dume zee. Mpishi amechoka, nyati hakuchoka."

Watu wakacheka kwa furaha, maana alisema vizuri. Hata waliokuwa upande wa Kalunde walicheka. Mtemi akaweka kijiko chini.

"Mtemi amekwisha sema?" Kalunde akauliza.

"Nimesema."

"Bibi Mwashi, utuambie."

Bibi Mwashi akainuka kwa fimbo yake. "Mdogo wangu, mimi nilikuwapo mkuki ulipotoka, nilikuwapo vyungu vilipofunikwa. Hapa katikati sikufumba macho. Mnyama alikuwa mmoja."

"Mmoja vipi? Vyungu ni vitatu."

"Vyungu ni vitatu, mnyama ni mmoja. Kapaya, lete."

Kapaya akaleta ngozi moja, akaleta kichwa kimoja chenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mbele. Mbwa wakaisogelea ile ngozi, wakanusa, wakapiga chafya.

Mtemi Igulu aliitazama ngozi. Alivitazama vyungu. Akakichukua kijiko akarudi kwenye chungu cha kwanza, akala. Akaenda cha pili, akala. Akaenda cha tatu, akala.

"Ni tamu," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake. "Katika utamu, ulimi haukukosea. Umekosea jina."

"Na mama huyu ulimfukuza kwa jina," Bibi Mwashi akasema. "Na watu hawa walikula kwato kwa jina. Tena ulitamka mbele yao. Usiniaibishe, mwana wa mama yangu."

Mtemi akainamisha kichwa kukubali, akaingia ndani, akafunga mlango. Watu wakavimaliza vile vyungu wakiwa wamesimama.

Sheria ikaisha hivyo. Wawindaji wakala walichoua, wakampelekea mtemi kipande kwa heshima, si kwa hofu. Mtemi alikula alicholetewa, na tangu siku hiyo, kabla ya kutaja jina la nyama, aliuliza. Kalunde akapewa ini la kila mnyama aliyemchuna. Watoto wake wakakua.

Mnadhani imeisha?
— Haijaisha!

Haijaisha, kwa sababu kuna mmoja hatujamuuliza habari zake. Kuro.

Zamani alilala pembezoni mwa mashamba. Sasa kila mtu wa Isangala alijua jinsi ya kumchuna, na kila mtu alijua utamu wake. Kiangazi cha kwanza wakauawa wengi, kwa maana hawakujua kukimbia. Kiangazi cha pili wakahama mashambani. Kiangazi cha tatu wakajifunza jambo: wakimwona mtu, hukimbilia majini.

Asubuhi moja Kalunde alishuka mtoni na mtungi wake. Akamwona kuro jike katikati ya mto, maji yamemfika shingoni, masikio yamesimama. Kuro akamtazama Kalunde. Kalunde akamtazama kuro.

Hakuita wawindaji. Alijaza mtungi, akajitwika, akarudi nyumbani, na mchana huo watoto wake walikula ugali kwa mlenda.

Ngano yangu imeiva, nimeiepua.
Mwenye meno na atafune,
kibogoyo na amumunye,
na mfupa ukibaki, msimtupie mbwa wangu, ana wake.