Usinipambe

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa shaba, ikaning'inia!
Haya, sogeeni. Leo sina ngano ya kuchekesha.

Hapo kale, katika mji wa wakulima, aliishi bibi mmoja, Mwanamize, na mjukuu wake Zuwena. Bibi alikuwa na chombo cha kupimia nyota: sahani ya shaba, juu ina pete, katikati ina mshale, ukingoni ina alama. Kila magharibi alikining'iniza kidoleni, akaupeleka mshale kwenye nyota za Kilimia. Mshale ukifika alama ya mvua, ngoma inalia, mji mzima unapanda mtama. Wenyewe walikiita Mshikanyota, na hakikuwahi kuwadanganya.

Sultani akapendezwa. Akaamuru kitiwe ua la dhahabu. Likatiwa wapi? Ubavuni, upande mmoja tu! Na dhahabu, mnaijua ilivyo nzito.

Jioni ya kwanza, Mwanamize akakining'iniza. Kikalala upande. Akakirudisha ndani.

Jioni ya pili, kikalala upande.
"Bibi, mbona kimeinama?" akauliza Zuwena.
"Funga mdomo, mjukuu wangu. Zawadi ya Sultani haisemwi."

Jioni ya tatu, Sultani akaja mwenyewe.
"Bibi, ua langu umelionaje?"
Bibi akalitazama ua. Aseme? Asiseme?
"Limependeza, Bwana wangu."
Na kwa kule kuinama, mshale ukafika alama ya mvua kabla ya wakati wake. Ngoma ikalia.

Watu wakapanda mbegu zote. Mvua je? Wapi! Jua likawaka, mchwa wakala. Mvua ya kweli ilipokuja, maghala yalikuwa matupu, hakuna hata punje ya kupanda. Njaa ikaingia nyumba ya kwanza. Ikaingia ya pili. Ikaingia kwa Mwanamize, ikamchukua Zuwena. Inauma, jamani, inauma sana.

Bibi akalibandua lile ua kwa patasi, akaenda kulitupa miguuni pa Sultani.
"Chukua ua lako, Bwana. Ndilo lililokipotosha chombo. Nilijua tangu jioni ya kwanza, nikakuogopa. Kuanzia leo hakiitwi tena Mshikanyota. Kinaitwa Usinipambe."
"Usinipambe," akasema Sultani. "Maana yake nini?"
"Maana yake nimeizika nyuma ya nyumba yangu. Ilikuwa na miaka sita."

Ngano yangu nimeitundika hapo. Ikining'inia sawa, ichukueni. Ikilala upande, niachieni mwenyewe.