Naam Tatu za Kisima

Hapo zamani, katika mji wenye kisima kimoja tu cha maji matamu, palikuwa na fukara aitwaye Vuai. Hakuwa na shamba wala mbuzi, ila alijaliwa ulimi. Akisema harusini watu hulia, akisema matangani hucheka, naye, Mungu amsamehe, alipenda mno kujisikia.

Basi Mfalme Ghalibu akakitamani kile kisima, akizungushie ukuta kiwe cha mawaridi yake. Lakini ilikuwa ada ya mji kwamba kitu cha watu wote hakichukuliwi ila wenyewe waitikie "naam" mara tatu mbele ya msikiti. Akamwita Vuai, akamwambia, "Ijumaa utanisemea. Nikikosa naam zangu, au likikutoka neno moja la kunilaumu, utauhama mji na hiyo kanzu uliyovaa tu."

"Nikusifu tu, bwana wangu?"

"Sifa tupu."

"Hewala, bwana."

Vuai akarudi kwake. Akaswali, akatubia miaka yote aliyomsemea yeyote aliyemwita, pasipo kuuliza nani ataumia.

Ijumaa watu walipotoka kuswali, Bi Kazija, muuza vitumbua, akasema, kila mtu akisikia, "Vuai mwanangu, ukituuzia maji yetu leo, vitumbua vyangu utavisikia harufu tu." Watu wakacheka. Vuai akapanda juu ya jiwe.

Akamsifu mfalme, akasimulia mwaka wa njaa na ghala zilizofunguliwa, sauti ikipanda ikishuka, hata wazee wakafuta machozi, na mfalme naye akajipangusa. Kisha akauliza, "Je, bwana wetu ni karimu?"

"Naam."

"Je, karimu humfungulia mlango mwenye kiu?"

"Naam."

"Basi kisima na kiwe chake, na mwenye kiu aende kwake, asubuhi na jioni, na ndoo yake na punda wake, kwani hatamrudisha. Mwaridhia?"

Bi Kazija akamkazia macho, akatabasamu upande, akaitika wa kwanza, na mji mzima ukapokea. Mkono wa mfalme, uliokwisha kuinuka kushukuru, ukabaki hewani. Akanushe vipi ukarimu mbele ya watu waliotoka kumlilia?

Ikawa alasiri jumba la mfalme limejaa ndoo za watu waliokuja kwake kuomba maji, kama walivyoambiwa. Punda wanatafuna mawaridi, na Bi Kazija amekaa juu ya zulia akingoja zamu, anamwuliza mke wa mfalme kama jikoni mna moto wa kuazima.

"Umeniangamiza, Vuai," akasema mfalme.

"Bwana wangu, nitajie neno moja la lawama."

Mfalme akayarudia yote moyoni, asilipate. Punda akalia sebuleni, naye mfalme akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka. Kabla ya magharibi kisima kikafanywa wakfu wa watu wote, na Vuai akapewa kanzu mpya na cheo cha msemaji wa baraza. Akakipokea kwa sharti alilojiwekea mwenyewe: asifungue kinywa hadharani kabla Bi Kazija hajayasikia atakayosema.

Hadithi imekomea kisimani. Mwenye kiu na achote.