Mtoto wa Watasema

Tegeni masikio, na mwenye haraka ya kukata kesi asubiri kidogo.

Bi Wakesho, wa milima ya Taita, alikuwa na watoto watatu na akijivunia wote waziwazi. Mghoi alikuwa na msimamo usioyumba. Mwakio alikuwa na subira. Mkawasi alikuwa na mkono wa kupika. Kila mmoja alilima shamba lake kando ya msitu, na nyani waliyajua yote matatu. Mlinzi alikuwa mmoja tu, Watasema, mbwa jike wa mama yao.

Siku ya sherehe ya mavuno, Watasema alitimua kundi zima la nyani mbele ya wageni. Kila mgeni akamtupia kipande cha nyama ya mafuta kwa siri, akidhani ni yeye peke yake. Wageni walikuwa arobaini! Asubuhi yake mbwa alitapika, akaharisha, akashindwa hata kutikisa mkia.

"Watamuua kwa heshima zao," alisema Bi Wakesho, moyo ukimuuma.

Mghoi akasimama mlangoni. "Leo hali chochote!" Jirani akaja na maziwa ya kumpa pole. "Shangazi, asante, lakini rudi nayo." Alirudisha watu tisa, na wawili wakanuna. Kufikia jioni kutapika kulikoma.

Mwakio alikaa chini na kijiko, akimpa maji kidogo kidogo kutwa nzima, maana bakuli zima lingerudi lote. "Nikiona damu tu, nambeba hadi kwa daktari wa mifugo," alisema. Damu haikuonekana, na ulimi uliokauka ukalowa tena.

Kesho yake Mkawasi alichemsha wali laini na kuku asiye na ngozi, mafuta, chumvi wala kitunguu.

"Chakula gani hiki?" mjomba wao alicheka.

"Hukupikiwa wewe, Mjomba."

Siku ya nne Watasema alibweka kuelekea msituni. Bi Wakesho alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Miezi ikapita, Watasema akazaa mtoto mmoja tu. Desturi ya kijiji chao ni kwamba mtoto wa kwanza wa mbwa hupewa aliyeokoa maisha ya mama yake. Sasa mahindi yamebeba, nyani wanachungulia, na Bi Wakesho amempakata mtoto huyo mbele ya wanawe. Fahari imemjaa kifuani, lakini mikono haijui impe nani.

Haya, msikilizaji, wewe ungemkabidhi nani?